Maneno ya watu juu ya sinema «300»

Sinema yenye kuitwa «300» ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Machi 2007. Mwisho wa mwezi wa Julai mwaka ule ule ikauzwa huko kwa DVD, na tangu wakati ule watu hawana haja ya kwenda kuitafuta. Yenyewe inawafuata nyumbani. Imepita katika nyumba za video za miji yetu, imeingia katika simu za vijana, na, tuseme wazi, imeonyeshwa siku za mapumziko katika seminari zaidi ya moja. Si sinema mpya. Lakini kila mara inapoonyeshwa maneno yanaanza tena: huyu anaisifu, yule anaikasirikia, wa tatu anasema ni mchezo tu, tuache kujisumbua. Na sasa wakatekista wametuletea ulizo lenye uzito kupita maneno hayo yote: je, inafaa kuwaonyesha vijana wa parokia, ili wajifunze ushujaa?

Kwa sababu ya ulizo hilo tumeamua kuandika. Hatutaki kufanana na wale wenye kuhukumu sinema bila kuitazama. Tumeitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, tena si mara moja, na tumesikiliza maneno ya watazamaji, wa hapa kwetu na wa mahali pengine. Maneno mengine tutayapita upesi, mengine yatatukawiza.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwaka 480 kabla ya Kristu, Xerxes, mfalme wa Persia, anashuka na jeshi kubwa ili atwae nchi ya Wagiriki. Leonidas, mfalme wa Sparta, anachagua askari 300, anasimama nao katika njia nyembamba ya Thermopylae, kati ya mlima na bahari. Wanapigana siku tatu. Mtu mmoja, jina lake Ephialtes, anawaonyesha Wapersi njia ya mlimani; Wasparta wanazungukwa, wanakufa. Aliyeitunga kwanza kwa picha za kuchora ni Mmarekani Frank Miller, mwaka 1998. Yeye alipokuwa mtoto aliona sinema nyingine ya vita hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 1962, na haikumtoka moyoni. Zack Snyder ndiye aliyegeuza michoro ya Miller kuwa sinema.

Tuanze na wale wenye kusifu uzuri wa picha, maana neno lao ni la haki. Sinema hii haikupigwa Ugiriki. Ilipigwa Montréal, nchi ya Kanada, karibu yote ndani ya jumba, muda wa siku kama 60. Nyuma ya wachezaji vilitandikwa vitambaa vya buluu. Kiisha mafundi wakaiondoa buluu ile kwa kompyuta, wakaweka mahali pake milima, mawingu, bahari, na jeshi lisilokuwako. Vipande zaidi ya 1,000 vilitengenezwa namna hiyo. Rangi nazo zilikazwa: nyeusi ikawa nyeusi kabisa, ngozi za watu zikawa kama shaba, majoho mekundu ya Wasparta yakawaka. Kuna picha ambazo mtu hazisahau: mti uliobebeshwa maiti, merikebu zinazovunjwa na dhoruba, mishale inayofunika jua. Wengi wenye kuitazama nyumbani walilalamika kwamba picha ina chengachenga, kana kwamba sahani imeharibika. Wakajibiwa kwamba mwenye sinema alizitaka mwenyewe. (Sisi wenye kununua sahani zetu sokoni hatuwezi kujua chengachenga zipi ni za mwenye sinema na zipi ni za soko.) Kwa maoni yetu alifanya vema. Chengachenga zile, na mbingu ile yenye rangi ya shaba, ni kama onyo: msifikiri mnatazama Ugiriki, mnatazama mchoro.

Bahati mbaya, onyo hilo wengi hawalisikii. Ndio wale wenye kusema: «Ndivyo ilivyokuwa, ni historia.» Mseminari aliyesoma kidogo hawezi kukaa na neno hili. Mwenye kutuhadithia vita vya Thermopylae ni Herodotus, Mgiriki, na kitabu chake kingaliko. Yeye anasema siku ya mwisho Leonidas hakubaki na watu wa Sparta peke yao. Watu 700 wa mji wa Thespiae walikataa kuondoka, wakafa pamoja naye, tena zaidi ya mara mbili ya hesabu ya wale 300. Katika sinema watu hao hawapo hata kidogo. Mahali pao tunawaona Waarkadia, na Leonidas anawauliza kazi zao: wa kwanza ni mfinyanzi, wa pili mchongaji, wa tatu mhunzi. Kiisha anawageukia watu wake, awaulize wao kazi yao, nao wanajibu kwa kelele ya vita, mikuki juu. Katika nyumba za video hapo ndipo watu wanapocheka na kupiga makofi. Lakini wanamcheka nani? Wanamcheka mfinyanzi. Tena, kabla ya siku ya mwisho, Waarkadia hao wanaondoka. Basi raia wa kawaida 700 waliobaki na kufa wamefutwa, na mahali pao wamewekwa raia wa kawaida wenye kurudi kwao. Sisi tunaomwabudu Mwana wa seremala, hatuwezi kulipita jambo hili kama dogo.

Na Wasparta, kama hawakufinyanga wala kufua chuma wala kulima, walikula nini? Walilishwa na Waheloti, watu walioshindwa zamani na kufanywa watumwa wa mashamba. Herodotus anasema katika vita vya Plataea, mwaka 479, kila Msparta alifuatwa na Waheloti saba: Wasparta 5,000, Waheloti 35,000. Na Plutarch anaandika kwamba kila mwaka wakubwa wa Sparta walitangaza vita juu ya Waheloti, ili mtu akimwua mmoja wao asihesabiwe kosa. Sinema inasema «uhuru» mara nyingi hata tumeacha kuhesabu, lakini Mheloti hatumwoni. Babu zetu waliolimishwa pamba kwa nguvu wangalijua mara moja kuuliza: huyu mwenye kutuhubiri uhuru, chakula chake kimelimwa na nani?

Maneno ya pili ni ya wale waliokasirika. Mwezi ule ule wa Machi 2007, serikali ya Iran ililalamika mbele ya ulimwengu kwamba sinema hii ni matusi kwa taifa lao na kwa wazee wao. Wairani wengi wasioipenda serikali hiyo, hata wenye kukaa Marekani na Ulaya, waliona uchungu ule ule. Siku zile Marekani ilikuwa na vita Iraki, na ugomvi na Iran juu ya maneno ya nguvu za atomi. Watu wakaanza kuulizana kama Leonidas ndiye Rais Bush, au kama Xerxes ndiye Bush. Maneno ya siasa tunawaachia wenye siasa. Lakini matusi hatuwezi kuyaacha, kwa sababu Wapersi si wageni kwetu sisi wasomaji wa Biblia.

Ni mfalme wa Persia, Siro, ambaye wengine wanamwita Koreshi, aliyewafungulia Wayahudi mlango wa kutoka Babeli na kurudi kujenga hekalu. Nabii Isaya anamwita mpakwa mafuta wa Bwana, jina ambalo Maandiko hayampi mfalme mwingine wa kipagani. Na Xerxes mwenyewe, wenye elimu wengi wanakubali kwamba ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta. Sinema inatuonyesha jitu refu, lisilo na ndevu, lililotobolewa vipete vya dhahabu uso mzima, lenye kujiita mungu. Fungueni kitabu cha Esta. Mtakuta mtu wa karamu, mwepesi wa hasira, mwenye kutoa pete yake ya mhuri bila kuuliza itatumiwa kwa kazi gani, kiisha usiku mmoja usingizi unampotea, anaomba asomewe habari za kale. Huyo si jitu wala zimwi. Ni mkubwa wa serikali wa namna ambayo tumekwisha kuona, na hatari yake ni hiyo hiyo, kwamba ni mtu.

Kuna habari nyingine, nayo tungependa kila mseminari aijue kabla ya kuitazama sinema hii. Wote wanakumbuka pahali pale Leonidas anapompiga mjumbe wa Persia teke na kumtupa kisimani. Ndiyo picha iliyosambaa kuliko zote. Vijana wanaiigiza barabarani. Herodotus anahadithia kweli kwamba Wasparta waliwatupa wajumbe kisimani, lakini ni wajumbe wa Dario, baba yake Xerxes, miaka kama kumi mbele. Na hadithi yake haikomi hapo. Baada ya tendo lile, Wasparta wakaona sadaka zao hazikubaliwi. Wakaogopa kwamba wamekosa mbele ya miungu, maana mjumbe ni mtu wa amani, haguswi. Wakauliza nani atakubali kufa kwa kulipa kosa hilo. Watu wawili wa jamaa kubwa wakajitoa, wakaenda mpaka Persia, wakasimama mbele ya Xerxes wakisema: tumekuja, utuue badala ya wajumbe. Naye Xerxes akakataa. Akajibu kwamba hatafanya kama walivyofanya Wasparta, walioharibu sheria ya watu wote. Tena hatawafungua katika kosa lao kwa kuwaua wao. Akawaacha wakarudi kwao. Basi tazameni: tendo ambalo Wasparta wenyewe walilionea haya, hata wakatafuta watu wa kulifia, sinema inalifanya kuwa utukufu wao, na mtu aliyewasamehe inamfanya zimwi. Hapo hatusemi tena juu ya hesabu ya askari. Hapo dhamiri ya hadithi imegeuzwa.

Wa tatu ndio wenye akili zaidi, nao tunataka kuwasikiliza polepole. Wanasema: «Ninyi hamjui kutazama. Mwenye kusimulia mambo haya yote ni askari wa Sparta, Dilios, aliyepoteza jicho vitani, aliyerudishwa nyumbani na Leonidas ili atangaze habari. Anawasimulia wenzake kabla ya vita vya Plataea. Anataka kuwatia moto. Basi Wapersi wake ni mazimwi, kwa sababu ndivyo askari wanavyowahadithia askari. Sinema haisemi kwamba Wapersi walikuwa hivi. Inasema Dilios aliwasimulia hivi.» Snyder mwenyewe amejitetea kwa njia hiyo, na neno hili si la kutupwa. Linaeleza tembo wakubwa kama nyumba, linaeleza vinyago, linaeleza hata rangi za mbingu.

Tunakubali nusu yake. Nani kati yetu hakumsikia mzee kando ya moto akikuza fisi mpaka akawa kama ng'ombe? Hakuna aliyemwita mwongo. Lakini kando ya moto wasikilizaji hawakunyamaza. Walimjibu mzee, walimwimbia, walimkatiza, na bibi mmoja hakukosa wa kumwambia: leo fisi wako amekua tena. Dilios hajibiwi na mtu. Katika sinema nzima hakuna sauti hata moja yenye kusema: umezidisha, na mtazamaji anajulishwa waziwazi wakati wa simulizi na makusudi yake pale tu sinema inapokwisha, wakati moyo umekwisha kuchagua upande wake.

Tena Wagiriki wenyewe walijua njia nyingine. Mwaka 472, miaka minane tu baada ya vita, Aeschylus, mtu aliyepigana na Wapersi huko Marathon, na ndugu yake akafa pale pale, alitunga mchezo juu ya vita hiyo, ukaonyeshwa Athene mbele ya watu ambao mji wao ulikuwa umechomwa na Xerxes. Mchezo wote uko Persia. Wenye kusema ni wazee wa Persia na mama yake Xerxes, wanaongoja habari za wana wao. Na habari inapofika, wanalia, na Waathene waliketi wakiwatazama adui zao wanalia. Kama mtu mwenye kidonda kibichi aliweza kuandika hivyo, sijui sisi wa leo tunajitetea na nini. Na Herodotus, tangu sentensi yake ya kwanza, anasema anaandika ili matendo makubwa ya Wagiriki na ya wasio Wagiriki yasisahauliwe.

Lakini tuwape haki yote. Tuseme kweli ni hadithi ya Dilios, na Dilios ana ruhusa ya kukuza. Lingali linabaki ulizo moja, ambalo katika maneno ya watazamaji tumelisikia mara chache sana: Dilios anataka tupende nini, na tudharau nini?

Jibu liko katika dakika za kwanza. Mzee mmoja anashika mtoto aliyezaliwa sasa hivi, anampima juu ya genge, na chini ya genge tunaona mafuvu ya watoto wengine. Mtoto mzima anaishi. Mwenye kilema anatupwa. Sinema haituombi tusikitike. Inatuambia kwamba ndivyo wanavyopatikana mashujaa, na mara moja inatuonyesha miili mizuri ya mashujaa hao. Tangu hapo sheria ni moja mpaka mwisho: mwenye mwili mzuri ni mwema, mwenye mwili mbaya ni mwovu. Wazee wenye kusaliti Sparta wana vidonda usoni. Askari wa Xerxes, ukiwavua vinyago, wana meno kama ya mnyama. Na mtu mweusi yuko upande gani? Mjumbe wa kisimani ni Peter Mensah, mchezaji aliyezaliwa Ghana, naye anacheza vizuri, kwa heshima kuliko maneno aliyopewa. Lakini kati ya wale 300 hatumwoni mtu wa rangi yake. Vijana wetu wanapiga makofi anapoanguka. Hatusemi wanakosa, tunasema watazame tena nani ameanguka.

Tusiwahukumu Wasparta peke yao. Wazee wetu nao, kando ya Tanganyika, walimwogopa mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Watabwa walimwita kinkula, watu wa pwani kigego, na wasomaji wetu wanajua alifanywa nini. Leo hatusemi tena kinkula, lakini katika miji yetu kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa kuwa wameitwa wachawi, na mara nyingi ni yule mwenye kilema, mwenye kifafa, mwenye kukojoa kitandani. Genge la Sparta halikukauka mafuvu. Wakristu wa karne za kwanza, katikati ya Wagiriki na Waroma, walijulikana kwa jambo hili: hawakutupa watoto. Didake, maandiko ya zamani sana ya Kanisa, inakataza jambo hilo waziwazi.

Na sasa tufike kwa Ephialtes, maana kwa maoni yetu sinema nzima iko juu ya mgongo wake. Herodotus hasemi kwamba alikuwa kilema. Kwake ni mtu wa nchi ile, aliyetaka zawadi ya mfalme, basi. Ni watungaji wa leo waliompa kibiongo. Katika sinema alizaliwa Sparta. Wazazi wake walipoona mwili wake, hawakukubali atupwe, wakakimbia naye. Akakua, baba akamfundisha mkuki. Anakuja kwa Leonidas akiomba kupigana, ili jina la baba yake lisafishwe. Leonidas anasema naye kwa upole, twaikubali hiyo. Anamwomba anyanyue ngao. Hawezi kuifikisha juu. Basi anakataliwa, anakwenda kwa Xerxes, anauza njia ya mlima.

Fikirini maana yake. Katika hadithi yote, baba na mama mmoja tu walikataa sheria ya genge. Mmoja tu walimpenda mtoto wao jinsi alivyo. Na tunda la upendo wao ni nani? Ni msaliti. Sinema haitamki neno hili, lakini mambo yamepangwa hivi kwamba mtazamaji anatoka akiwaza: laiti wangalimtupa. Hatujui kama Snyder alilitaka. Sisi tunasema tu kwamba limo, na kwamba ni kinyume kabisa cha Evanjili.

Linganisheni na Daudi, naye alikuwa mfalme na mtu wa vita. Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, alianguka alipokuwa na miaka mitano, mlezi wake akikimbia naye, akawa kiwete miguu yote miwili. Hakuweza kuinua ngao wala kuisimamia. Tena alikuwa wa nyumba ya adui. Daudi alimwita, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme, siku zote. Leonidas alimpa Ephialtes kazi ya kuondoa maiti na kuwapa maji wenye kupigana. Hakumpa meza.

Kuna sababu nyingine ya kukawia hapa. Sinema inatuonyesha mtoto wa miaka saba akinyang'anywa mama yake, akipigwa, akifundishwa kutoonyesha maumivu wala huruma, na picha hizo ni nzuri kama nyingine zote. Watazamaji wa Ulaya wanaweza kusema ni mambo ya kale. Sisi hatuwezi. Mwaka 1996 na 1997 tuliwaona kadogo wakitembea na jeshi la AFDL tangu Kivu mpaka Kinshasa, wengine silaha zikiwapita urefu. Mwaka 2012 Mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kosa la kuandikisha watoto wasiofika miaka 15 na kuwatumia vitani katika Ituri. Ndiyo hukumu ya kwanza mahakama hiyo iliyotoa. Mapadri na masista wa upande wetu wa mashariki wanawajua vijana waliorudi kutoka porini: hawalii, hawalali, na neno «mama» linawachukua miezi kulisema. Mafunzo ya Sparta waliyapata bila sinema. Mtazamaji mwenye kukaa Paris, sahani ikiisha, anaizima na kwenda kulala. Kijana wa miaka 14 katika kijiji chetu, akitoka nyumba ya video, anaweza kukuta nje mtu mwenye bunduki akitafuta watu wa kumfuata, naye amekwisha kuambiwa kwa picha nzuri kwamba huko ndiko mwanaume anakotengenezwa.

Watu wengine wema wametujibu: «Lakini tazameni Leonidas anavyokufa.» Kweli, picha ya mwisho inamwonyesha amelala chali, mishale mwilini, mikono imenyoshwa kama ya msulibiwa. Hatudhani ni kwa bahati tu. Lakini msalaba si namna ya kunyosha mikono. Tendo la mwisho la Leonidas ni kumrushia Xerxes mkuki na kumchubua shavu, ili aonekane kwamba mwenye kujiita mungu anatoka damu. Tendo la Yezu ni kuwaombea waliompigilia. Katekista akisema mbele ya vijana kwamba vifo hivi viwili vinafanana, amewafundisha kupenda kifo, hajawafundisha Kristu. Hata hivyo hatukatai kwamba Leonidas ana kitu: habaki nyuma, haagizi wengine kufa mahali pake. Katika nchi ambayo wakubwa wengi wamekimbia wa kwanza, tunaelewa kwa nini watu wanampenda.

Basi, ionyeshwe au isionyeshwe? Kanisa halikuogopa sinema. Papa Pio XI aliandika juu yake mwaka 1936, Pio XII mwaka 1957, na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Inter Mirifica ya mwaka 1963, unakubali kwamba kuonyesha uovu kunaweza kusaidia watu kumjua mwanadamu zaidi, mradi sheria ya Mungu isigeuzwe. Sisi tunasema: kwa watoto, hapana kabisa. Huko Marekani kwenyewe mtoto wa chini ya miaka 17 hawezi kuingia kuitazama bila mzazi, kwa ajili ya damu, na pia kwa picha kadhaa za uchafu ambazo hatuna haja ya kuzieleza. Kwa vijana wakubwa wa parokia, isionyeshwe kama somo la ushujaa. Kwa waseminari wa filosofia na teolojia, ionyeshwe, lakini si siku ya mapumziko tu. Ionyeshwe pamoja na kitabu cha saba cha Herodotus na kitabu cha Esta mezani.

Na popote itakapoonyeshwa, asikosekane mtu wa kusimama kando ya picha. Zamani, mapadri walipopeleka sinema vijijini, kama zile za Matamata na Pilipili ambazo Padri Van Haelst wa Scheut alizipiga Kasai, kulikuwa na desturi ya mtu kueleza na kujibishana na watu wakati picha inapita. Wengine wanaicheka desturi hiyo kama mambo ya washamba. Sisi tungeirudisha. Dilios apate hatimaye mtu wa kumjibu.

Mtu huyo asingoje mwisho. Azime mashine pale Ephialtes anapotaja wazazi wake waliokimbia naye. Awaulize vijana: mngekuwa ninyi wazazi wale, mngefanya nini usiku ule? Awaache wajibu wote, hata wenye kujibu vibaya, ndipo awashe tena.